Simbilisi Chini ya Sinki

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Siku naondoka Ilula kuhamia kwa binti yangu Mbeya, jirani yangu Mama Gaudensia alinishikia tenga la nyanya huku akicheka. "Babu, weka simbilisi wawili humo chini, nyanya juu. Nani atajua?"

Ningekataa! Lakini nilisema, "Haya, weka."

Binti yangu alikuwa ameshanionya kwenye simu. Yeye ni mwalimu. Alisubiri miaka mingi kupata ile nyumba ya ghorofa, kwa mkataba mrefu, akae humo mpaka uzeeni. Masharti yalikuwa wazi: hakuna kufuga mnyama wa aina yoyote, na atakayedanganya anatoka. "Baba, simbilisi wako wagawe wote," alisema.

"Nimeshawagawa, mwanangu."

Mnielewe, ingawa sijitetei. Kwetu simbilisi, mdogo kama mtoto wa sungura asiye na mkia, hakai bandani. Anakaa jikoni na watu, anapita miguuni mkiota moto, anatafuna maganda. Marehemu mke wangu aliwalisha kila asubuhi kabla hajanipa mimi chai. Nikajiambia kwamba mnyama wa kwenye mkataba ni mbwa, ni mbuzi, siyo hawa. Uongo mtupu! Kama niliamini hivyo, mbona niliwaficha?

Niliwaweka kwenye kabati chini ya sinki. Binti akienda shuleni, nawafungulia. Nachuma majani kando ya barabara, narudi nayo kwenye mfuko wa kaki. Wakisikia tu karatasi inakwaruza, wanalia: wiii! wiii!

Jioni moja binti alisimama jikoni akinusa. "Baba, mbona huku kunanukia kama nyumbani?"

"Ni hili koti langu la zamani."

Akalifua koti. Maskini mwanangu, alilifua kwa mikono yake, akalianika, na harufu ikabaki palepale.

Wakazaa. Mama Salma wa chini, muuza vitenge, akanisimamisha kwenye ngazi. "Shikamoo mzee. Huko juu mnafuga nini? Kila mchana nasikia filimbi."

"Marahaba. Ni redio, mama."

"Redio gani mzee wangu, wimbo mmoja tu mwaka mzima?" Alicheka, nami nikacheka. Hata hapo bado ningeweza kuwarudisha Ilula!

Jumamosi moja meneja wa jengo alikuja. Watu walikuwa wamelalamikia harufu. Binti yangu alimkaribisha kwa heshima, akasimama wima mbele yake. "Meneja, mimi ni mzee wa kanisa. Naapa mbele ya Mungu, humu ndani hakuna mnyama."

Meneja akaingiza mkono kwenye bahasha yake ya kaki ili atoe mkataba.

Wiii! Wiii! Wiii!

Jamani! Meneja akainama, akafungua kabati, wakamtazama: mama, baba na watoto.

"Mwalimu, hawa ni wa nani?" Binti yangu alikuwa amefunika mdomo. Meneja akanigeukia. "Mzee, wewe unajua chochote?"

Nikasema, "Mimi ni mgeni tu hapa."

Ndivyo nilivyosema! Mtu mzima, mvi kichwa kizima! Binti aliniangalia mara moja, kisha akamwambia meneja, "Ni wangu."

Kumbe ningesema ukweli palepale, yeye angeonekana hakujua. Nilikwenda kwa meneja baadaye, tulipokwisha kutolewa, nikakiri yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mzee, ungesema siku ile ningewapa onyo tu. Sasa nyumba ina mtu mwingine."

Mwanangu amepanga chumba Uyole, maji anachota nje. Mimi nimerudi Ilula. Simbilisi niliwagawa, safari hii kweli.

Wazee wenzangu, mkienda kuishi kwa watoto wenu, msidhani uzee unawapa ruhusa ya kuvunja masharti ya nyumba zao. Mkishavunja, basi semeni! Semeni kabla mtoto hajabeba aibu yenu.

Ananipigia kila Jumapili. "Shikamoo baba. Umekunywa dawa ya presha?" Namjibu nimekunywa, na ni kweli nimekunywa. Halafu anasema kwa upole, "Mpe simu Mama Gaudensia."

Nilimpotezea mwanangu nyumba. Na mwanangu haniamini tena.