Kiti Kilichozimwa Kutoka Ng'ambo

Mama hakupenda kliniki. Mgongo ulikuwa umeanza kumkunja kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, lakini kila nikimpangia siku ya kwenda Meru mjini kukandwa, alikuwa na sababu: mvua, kuku, harusi ya kanisani. Kisha nikanunua gari. Lilikuwa limetumika ng'ambo, na kiti cha abiria kilikuwa na kitufe cha kupasha joto. Kule kwetu juu, karibu na msitu, ambako chai ya asubuhi hupoa kabla hujaiweka mezani, kiti hicho kiliweza kilichotushinda mimi na daktari. Mama alikuwa tayari kabla sijapiga honi. Aliwaambia akina mama wa kanisa kwamba gari la binti yake linajua kukanda.

Wiki chache baadaye joto likakatika. Nilibonyeza kitufe, kioo cha dashibodi kikaniandikia kwamba muda wa kujaribu umekwisha, nilipie ili niendelee. Nilidhani nimesoma vibaya. Mimi ni mwalimu, kusoma ndiyo kazi yangu, kwa hivyo nikasoma tena. Kulipia nini? Kiti ninacho, nimekikalia!

Fundi wa mjini alikifungua kiti, akapima waya, akakuna kichwa.

“Madam, heater iko, waya iko, stima inafika. Sasa inangoja tu kuambiwa.”

“Kuambiwa na nani?”

“Na wenye walitengeneza. Hata mimi nashangaa.”

Basi, nikasema, lisilo budi hutendwa, nitalipa. Nikajaribu kulipa kwa simu, ikanijibu kwamba huduma hiyo haipatikani katika nchi yangu. Hapo nilichanganyikiwa kabisa. Kama ningekuwa nimekataa kulipa, ningeelewa. Lakini nilikuwa nakiombea kitu changu mwenyewe nafasi ya kukilipia mara ya pili, na hata hiyo nafasi nanyimwa. Nilikasirika, ila sikujua nimkasirikie nani.

Siku ya kliniki ilipofika nilijaribu kumweleza Mama kwa Kimeru. Maneno yalinipotea, nikajikuta nasema tu kwamba waliotengeneza gari wamekizima kiti wakiwa huko kwao. Mama alilizunguka gari, akaniuliza:

“Ulienda na kamba yako?”

Sikuelewa. Akanieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto. Kwetu, anayeuza ng'ombe hubaki na kamba yake. Mnunuzi huja na ya kwake, akamfunga ng'ombe nayo, akaenda zake. Ukimwondoa ng'ombe na kamba ya muuzaji, bado hujanunua, umemshikia tu.

“Wewe ulichukua gari na kamba ya watu,” akasema. “Sasa wameivuta.”

Nilicheka, kisha nikaacha, kwa sababu katika maelezo yote niliyokuwa nimepewa, hayo ndiyo ya kwanza kuniingia akilini.

Akagoma kupanda. Gari la watu, alisema, halimpeleki mtu hospitali. Nilimbembeleza. Nilimkumbusha jinsi alivyolala ameketi juzi kwa maumivu, nikamwambia ukweli kwamba naogopa kumwona akishindwa kuinuka kabisa. Nikachemsha maji, nikayatia kwenye chupa, nikaizungushia leso ili aiegemee. Hatimaye akaingia, midomo ameibana. Tukaanza kuteremka ule mlima mrefu wa kuelekea mjini, mimi nikifurahi kwamba nimeshinda, yeye ameshikilia mlango kwa mikono miwili.

“Huyo mtu akiwa huko kwao,” akauliza taratibu, “breki nazo anazifikia?”

Nikagundua kwamba sijui. Nikakanyaga breki, nione tu.