Ubao wa Tatu

Nilisikia mluzi kabla sijaona farasi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, shule zimefungwa, na asubuhi ile nilikuwa nimetoka na baiskeli bila kujua ninakwenda wapi. Mama alikuwa amerudi kutoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee katika mji jirani wa Plymouth, amevua viatu mlangoni, amelala. Katika nyumba yetu ya kupanga Maple Grove, mchana ulikuwa wa kunyamaza: televisheni bila sauti, bomba likifunguliwa kidogo kidogo, kijiko kikilazwa kwenye sinki kama yai. Niliendesha hadi maduka yakaisha, nyumba mpya za rangi moja zikaisha, mahindi yakaanza pande zote mbili za barabara, na harufu ya nyasi kavu na samadi ikanijia. Ndipo kitu kikapita hewani kikilia kama birika linaloanza kuchemka, kikafuatwa na mlio wa ubao kupasuka.

Nyuma ya uzio palikuwa na njia ndefu iliyonyooka, na mwanamke mfupi mwenye mvi akiishuka juu ya farasi mwekundu anayepiga shoti, hatamu ameziachia kabisa, mikono yote iko kwenye upinde mrefu kumpita yeye. Mshale wake haukuwa na ncha kali. Mwishoni ulikuwa na kichwa cha mbao kama kitunguu, kilichotobolewa matundu, nacho ndicho kilichopiga mluzi. Aliitwa Haruko. Alinieleza kwamba kwao Japani hii ni ibada ya kale, jina lake yabusame: mbao tatu za shabaha kwa mbio moja, zote upande wa kushoto, na kabla ya kila mshale mpanda farasi hupaza sauti. Nilimwuliza maswali mengi hadi akachoka. "Unauliza kuliko polisi," alisema. "Panda huyu basi." Akanionyesha pipa lililofunikwa zulia kuukuu, lenye miguu minne ya magogo.

Likizo nzima nilikuwa nikimpanda farasi yule wa mbao, na mara chache, kwa mwendo wa pole, yule mwekundu. Kazi ilikuwa moja: kuchomoa mshale kiunoni na kuupachika kwenye uzi wa upinde bila kuutazama. "Macho ni ya ubao," alisema Haruko akitafuna mbegu za alizeti. "Ukitazama kitu kingine, farasi ameshapita." Nyumbani nilifanya mazoezi juu ya mkono wa kochi, nimeshika mpini wa ufagio, ule ukelele nikiutoa kwa midomo tu. Siku moja mama aliamka akanikuta.

"Wenzako wanajifunza piano, wewe unaenda vitani na kochi?"

Nilimjibu kwa Kiingereza, kama sisi watoto wote wa Wakenya waliohamia pale tulivyowajibu wazazi wetu, kwamba Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa nitapiga mbao tatu nikiwa juu ya farasi wa kweli, na kwamba nataka aje. Hakuwa amewahi kuniona nikifanya jambo lolote mbele ya watu. Kila mara kulikuwa na zamu. "Nitakuja, mama," alisema. "Nikitoka kazini nakuja moja kwa moja."

Jumamosi ile niliziachia hatamu, nikapiga ukelele kwa sauti yote niliyokuwa nimeificha tangu Juni. Ubao wa kwanza ukapasuka. Wa pili ukapasuka. Kabla ya wa tatu niligeuza macho kwenye uzio, mara moja tu, kumtafuta. Hapakuwa na mtu isipokuwa Haruko. Mshale ukaenda zake kwenye mahindi.

Nilimkuta mama ndani ya gari, kando ya ghala, vioo vimefungwa, bado amevaa sare ya kazi. Nikagonga. Akashtuka, akafuta mdomo, akashusha kioo. Alama ya mkanda wa kiti ilikuwa imechorwa shavuni. "Nimekuona, mama! Zote tatu! Pa, pa, pa!" Haruko alisimama nyuma yangu na vipande vya mbao mkononi, akanitazama. Nikamjibu mama, kwa Kiswahili safari hii, kwamba ndiyo, zote tatu.

Shule niliiacha mapema, na tangu hapo sijamaliza mwaka mahali pamoja. Nimebeba maboksi kwenye maghala ya Shakopee, nimeogesha farasi wa watu, nimesoma kila kitabu cha upinde nilichokiokota. Njia ya Haruko sasa ni mtaa wa nyumba za rangi moja, na mimi sijapiga mshale tena. Mama bado anafanya zamu za usiku. Leo asubuhi nilitoka tena bila mpango, basi likanishusha kwenye mji mdogo ambao sikuwahi kuusikia, nikapata chumba juu ya duka la vyakula vya mifugo. Kina kitanda, kiti kimoja, na dirisha linalotazama ukuta. Nimeegemeza hapo kipande cha ubao alichonipa Haruko siku ile. Jioni mama akapiga simu kabla ya kwenda kazini.

"Umefika wapi tena, wewe mtoto? Kuna watu huko?"

Nikamwambia watu ni wakarimu sana, wamenikaribisha chai, na dirisha langu linatazama malisho yenye farasi watatu.

"Nawaona, mama," akasema. "Nawaona wote watatu."