Mama mwenye nyumba wangu alikula sampuli za udongo, katapila likiwa njiani

Wakuu, salamu kwenu wote, hata nyie mnaosoma kimya kimya bila kuchangia.

Leo mzee wenu nimeamua kujianika. Hii stori haina chumvi hata punje. Nilichobadilisha ni majina tu, na kijiji sikitaji kwa sababu wajukuu zao wamo humu ndani na wanapenda ubishi.

Ilikuwa miaka ya sabini, wakati watu wamehamishiwa kwenye vijiji vipya kando ya barabara. Mimi mtoto wa Tabora, nimetoka chuoni na cheti hakijapata hata mkunjo, nikapangiwa Shinyanga kupima maji na udongo. Suruali bugaluu, nywele afro, kalamu tatu mfukoni. Iliyokuwa inaandika ni moja.

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa upande wa Tinde. Kijiji kimepangwa mistari mizuri kabisa, maji hakuna. Kina mama walikuwa wanatoka alfajiri na ndoo, wanarudi jua la utosi, na hayo maji yenyewe rangi ya chai ya maziwa.

Ikaamuliwa wachimbiwe lambo la kukingia maji ya mvua. Katapila lilikuwa moja kwa eneo kubwa. Lingekaa pale siku tatu, kisha linakwenda upande wa Geita, na likishaondoka hujui utaliona tena lini. Kwa hiyo mahali pa kuchimba pajulikane kabla halijafika. Ukikosea lambo linavuja, na wale mama wanaendelea kutembea miaka na miaka.

Mahali palipofaa palikuwa pawili, namba tatu na namba saba. (Msiniulize hizo namba nyingine, kwingine kote tulikuta mawe.) Namba tatu palikuwa nyuma ya nyumba ya mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti alikuwa ameshapapenda sana. Namba saba palikuwa mbugani, mbali kidogo.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Unazungusha keekee ndefu ardhini, unatoa udongo, unaufungia kwenye kopo, unaupima kwenye mizani. Halafu unaukausha siku nzima kwenye joto, unaupima tena. Kilichopungua ndiyo maji. Udongo wa mfinyanzi unashika maji hata kiangazi, wa mchanga unayaachia yote.

Hesabu ya darasa la nne. Mimi nilikuwa natembea nayo kifua mbele kama nimeivumbua.

Wanakijiji nao hawakuniamini hata kidogo. Mgeni anatoboa ardhi, anatia udongo kwenye makopo yenye namba, anafunga mifuniko kwa utepe, na huu ni ukanda wa dhahabu na almasi. Kila shimo nililoacha jana, leo nilikuta limeongezwa urefu. Mzee mmoja akanivuta pembeni, "Ng'wanawane, mwanangu, sema ukweli tu, tutagawana." Nikamwambia natafuta unyevu. Akacheka mpaka akakaa chini.

Tuendelee.

Oveni ya ofisini ya kukaushia udongo ilikuwa mbovu. Spea yake ilikuwa inasubiriwa tangu kabla sijaajiriwa.

Hapo ndipo akili ya ujana ikafanya kazi. Nilikuwa nimepanga chumba mjini Shinyanga kwa kaka Athumani, mwoka mikate, mtu wa Tanga aliyekuja kufuata biashara. Nyuma ya nyumba alikuwa na tanuri la kuni. Mikate ikishatoka, joto linabaki humo mpaka kesho yake. Nikamwomba, akakubali, mradi makopo yasiguse mikate.

Mkewe, Mama Hadija, ndiye aliyekuwa analisimamia tanuri. Alikuwa mjamzito, mimba ya miezi sita.

Nikapanga makopo yangu sita, matatu ya kila mahali, mifuniko wazi ili mvuke utoke. Nikaenda kazini kwa amani.

Kesho yake nikapima. Makopo ya namba tatu yalipungua kidogo sana. Ya namba saba, wakuu, niliweka gramu mia za udongo, zikatoka hamsini!

Nusu nzima maji. Mwezi wa tisa, Shinyanga, ng'ombe wanalamba vumbi.

Mtu mwenye akili timamu angejua huo si udongo, ni uji. Mimi niliruka. Nikaandika ripoti ukurasa mmoja na nusu, nikampelekea bosi wangu, mhandisi mtu mzima asiyeongea sana. Akaisoma, akanitazama juu ya miwani, akasema, "Basi ni namba saba." Katapila likaagizwa lije.

Siku ya safari nikarudi nyumbani kuchukua begi. Mama Hadija akanifuata mpaka mlangoni.

"Shemeji, ule udongo wa makopo ya namba saba utauleta tena lini?"

Nikasema, "Udongo gani, shemeji?"

"Ule mtamu."

Nikaliweka begi chini.

Wakuu, mnajua kina mama wajawazito na udongo. Sokoni pale ulikuwa unauzwa kwa mafungu kama karanga. Kaka Athumani alikuwa amemkataza, eti haujulikani umetoka wapi. Sasa tanuri la kwake mwenyewe limejaa udongo uliookwa vizuri, unanukia kama mvua ya kwanza.

"Nikasema huu ni wa serikali," akanieleza bila wasiwasi, "umepimwa na namba umewekewa. Utakuwaje mchafu?"

Yaani nilichoandika kwenye ripoti kama maji kilikuwa tumboni kwa Mama Hadija.

Nilikaa kitandani nikawaza kutoroka, kweli kabisa. Tabora si mbali, na treni ilikuwepo. Kilichonizuia ni wale mama na ndoo zao. Nilikuwa nimewaahidi kwa mdomo wangu.

Nikaenda kwa mhandisi, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Akavua miwani, akaifuta kwa shati. Kisha akauliza, "Namba tatu hakula?"

"Sijui, bosi."

"Twende tukamuulize."

Tukaenda na Landrova mpaka kwa mwoka mikate. Mama Hadija akamkaribisha mhandisi kiti, akajibu kama anaelezea unga dukani.

"Namba tatu nilionja nikautema. Una mchanga, unakwaruza meno kama wali ambao haukuchambuliwa. Huo wa saba ni laini, unanata kwenye ulimi, mchanga huupati hata chembe."

Mhandisi akatoa kalamu akaandika. Naapa, aliandika.

Tulipofika kijijini katapila lilikuwa linanguruma na mwenyekiti ameshamwelekeza dereva kwake, namba tatu. Mhandisi akaomba keekee. Tukatoa udongo mbichi sehemu zote mbili, mbele ya watu. Akachota wa namba saba kwa kidole, akatia mdomoni, akatafuna. Akachota wa namba tatu, akatema. Akawageukia watu, "Onjeni na nyie."

Ndugu zangu, sijawahi kuona tena kitu kama kile. Kamati nzima ya kijiji inatafuna udongo, dereva wa katapila anatafuna, mimi mwenye cheti natafuna. Bibi mmoja akautema wa namba tatu kwa nguvu, "Luseni!", yaani mchanga mtupu. Mwenyekiti aliutafuna wa kwake huku anajitahidi kutabasamu, lakini mlio wa meno yake tuliusikia wote.

Lambo likachimbwa namba saba.

Kiangazi kilichofuata nilirudi. Maji yalikuwepo, siyo mengi, lakini yalikuwepo, na ndoo zilikuwa zinarudi nyumbani kabla jua halijakaza. Niligeukia upande wa mbuga nikajifanya nimeingiwa na vumbi machoni.

Nilichojifunza: namba ikikufurahisha kupita kiasi, rudia kipimo. Na kabla hujaweka data yako mahali, jua nani anapita pale akiwa na njaa. (Wajawazito mliomo humu, nendeni kliniki, msiutumie uzi huu kama ruhusa.)

Ripoti ya mwisho ilipochapwa nilimpelekea Mama Hadija. Alikuwa amebeba mtoto wa kiume mgongoni. Akapitisha kidole kwenye ile karatasi polepole, akasoma jina la mhandisi, langu, la mwenyekiti, hata la dereva.

"Shemeji, mimi niko wapi humu?"

Nilikuwa nimeona aibu kuandika kwamba lambo la watu lilichaguliwa na ulimi wa mke wa mwoka mikate. Ametangulia mbele za haki bila kulisoma jina lake popote.

Basi shemeji, uko hapa.

Uwanja ni wenu, wakuu. Anayetaka kumcheka Mama Hadija aanze na mimi.