Pakiti ya Kijani Iliyoliwa

Ulimi wa Hsiu-man uliwasha kuliko kitunguu kibichi, na soko zima la mboga la Xiluo lilijua. Kila chenye waya pale sokoni alikilea yeye, fundi wao. Na juu ya kila mashine aliweka pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, maana mashine isiyopewa chake huleta kiburi. Iwe ya kijani, isipitwe na tarehe, na isiliwe.

Mjomba Khun, mlinzi, alikuwa ameila.

Kabichi zimeshapangwa, wanunuzi wanangoja, kompyuta ya mnada ikapoteza anwani yake ya mtandao. Meneja Hsieh hakupeleleza zaidi. Aliona makombo kwenye masharubu ya mlinzi, akamwambia arudishe funguo, kazi hana.

“Njaa, bosi,” akasema Mjomba.

Hsiu-man akaingia chini ya meza. Waya mzima. Akazima, akawasha. Kompyuta ilikuwa imejipachika anwani ya kubuni, kama mlevi anayeng’ang’ania nyumba isiyo yake. Hapo akakumbuka. Wiki iliyopita, kuwakomoa wapagazi wanaotazama tamthilia kwa mtandao wa soko, aliipanga ruta, kile kisanduku kinachogawa mtandao, isitoe anwani ila kwa mashine alizoziandikisha. Jana akabadilisha kadi ya mtandao ya kompyuta hiyo, ile ya zamani imeoza kwa unyevu. Kadi mpya, sura mpya. Ruta ikamfungia mgeni mlango.

“Meneja, ni mimi,” akasema. “Nimejifungia nje mwenyewe. Mjomba ana njaa tu, hana kosa.”

“Usimtetee, dada. Mimi mtoto?”

Akamweleza habari za kadi na ruta. Meneja akamtazama kama mtu anayesomewa bei za mwaka jana. Basi Hsiu-man akaacha kufundisha. Akamtuma Mjomba dukani, na aliporudi akihema akamwamuru aiweke pakiti mpya pale juu, kisha aombe radhi kwa sauti. Mzee mzima akaiomba radhi kompyuta. Hsiu-man, mgongo kwa meneja, akaiandikisha kadi kwenye ruta.

Anwani ikarudi. Kabichi zikaanza kupigwa bei.

“Si nilisema?” meneja akajigamba, akamrudishia Mjomba funguo zake.

Hsiu-man akangoja aondoke.

“Kesho njoo na chakula chako,” akamwambia Mjomba. “Ukiigusa hii tena, nitakufuta wewe kwenye ruta.”