Dawa ya Pili ya Mama Rola

Jina halisi la Mama Rola watu walishalisahau zamani. Alikuwa msusi, na kama ulitaka kalikiti, yaani zile nywele za kukunjwa kwa dawa mpaka mawimbi yanarukaruka ukitembea, ulienda kwake tu, habari imekwisha. Chumba chenyewe kidogo: viti viwili, sinki lenye ufa, kioo kirefu, na ndoo ya rola za rangi rangi kama pipi. Kiti cha kwanza chake. Cha pili cha wifi yake, mdogo wa mume wake, aliyefika pale hajui hata kushika kitana, akafundishwa kila kitu. Wifi akiumwa kichwa, saluni nzima inaongea kwa kunong'ona. Mama Rola alimpenda hivyo.

Sasa, kwa muda mambo yalikuwa yameharibika. Mteja anatoka anang'aa, akilala, akiamka mawimbi nayo yamelala.

"Jamani Mama Rola, hebu niangalie," alisema mteja wake wa miaka, karani mmoja mwenye mdomo usiopumzika. "Si nafanana na mbuzi aliyenyeshewa?"

"Uliosha mapema?"

"Sijaosha! Hata kugusa sijagusa! Nimerudi kwa sababu ni wewe. Lakini leo zikilala tena, mwenzangu, nahamia kwingine, na usininunie."

Mama Rola akacheka, cheko la mdomoni tu. Wengine walikuwa wameshahama kimya kimya, na barabarani wanajifanya wanaangalia simu wakimwona. Jina lake lote lilikuwa kwenye hayo mawimbi. Kila alipolalamika, wifi alimshika bega: "Labda ni maji ya bomba, wifi. Au dawa za siku hizi feki. Usijitese bure." Maneno matamu, unayameza bila kutafuna.

Ngoja kwanza, maana bila kuelewa nywele huwezi kuelewa uchungu wa huyu mama. Unywele mmoja ndani yake una nyuzi nyembamba ajabu zimelala pamoja, na kinachozishikanisha ni atomu za salfa. Safu ya nje ya salfa ina elektroni sita, na haitulii mpaka iwe na nane. Itafanyaje? Inashirikiana! Fikiria ina mikono miwili: mmoja umeshika uzi wake, wa pili umeshika salfa ya uzi wa jirani. Kila mmoja anatoa elektroni moja, zinawekwa katikati, zinakuwa za wote wawili. Hicho ndicho kifungo. Ndiyo maana nywele zina umbo lake, na ukizilowesha ukazivuta, zikikauka zinarudi vile vile, kaidi kweli kweli.

Dawa ya kwanza inakuja na haidrojeni, inaipa kila salfa kitu kingine cha kushika, basi zinaachiana. Nywele zinalegea kama tambi zilizochemka. Unazizungushia rola, na kila salfa inajikuta imesogea, iko mbele ya jirani mpya. Halafu dawa ya pili inazinyang'anya ile haidrojeni, zinabaki mikono mitupu, zinashikana na yeyote aliye karibu. Hapo mawimbi yamefungwa! Bila dawa ya pili, ukitoa rola umesuka hewa.

Na kumimina dawa ya pili ilikuwa kazi ya wifi.

Siku hiyo wifi alikuwa ametoka nje na simu, anacheka na mtu, halafu hata cheko likapotea. Karani yuko kwenye kiti, dawa ya kwanza imeshasuuzwa, rola kichwa kizima, taulo shingoni. Mama Rola akaona asimsubiri, akachukua chupa mwenyewe. Mkia wa kitana ulikuwa umemchoma kidole asubuhi ile, na bado kilikuwa kinachuruzika damu kidogo. Dawa ikamwagikia pale pale.

Akakaza meno kusubiri. Dawa ya pili ikigusa damu huwa inafoka povu jeupe na kuuma mpaka unaruka, kila msusi anaijua hiyo. Kimya. Hakuna povu, hakuna maumivu. Akanusa. Akamimina tena.

"Maji," akasema.

"Maji gani?" karani akauliza.

"Tulia mama. Usitoe rola hata moja."

"Mbona sauti yako imebadilika?"

Akafungua kabati, akajaribu chupa nyingine, na nyingine. Maji, maji, maji. Roho juu, akampigia mume wake, seremala, kwenye karakana yake.

"Baba watoto, nakuomba, nina mteja na rola kichwani. Dawa ya pili sina. Pitia duka la vipodozi uniletee, haraka."

"Ya kununua ya nini?" mume akajibu, simu ameibana begani, randa inakwaruza mbao. "Si lile dumu limejaa kule chumba kipya? Chini ya sinki. Mwambie mdogo wangu akuchukulie."

Kisha randa ikasimama.

"Chumba kipya kipi?"

"Ah... yaani..."

"Chumba kipya kipi, baba watoto?"

"Kile cha nyuma ya duka la viatu. Lakini tutaongea nyumbani."

Hakusubiri nyumbani. Alitoka na aproni yake, akazunguka duka la viatu, akakuta mlango uko wazi. Viti vitatu vipya, bado na nailoni zake. Vioo. Na rafu za mbao ukuta mzima, kona zimezungushwa na mikono anayoijua. Rafu zile zile alizomwomba mumewe mpaka akachoka, kila siku anaambiwa mbao hazipatikani. Wifi alikuwa amesimama katikati, simu mkononi.

"Wifi! Umejuaje..."

Mama Rola alipita kama hamwoni, akainama chini ya sinki, akavuta dumu. Akadondoshea kidole tone moja. Povu likapanda jeupe, likauma kweli kweli.

"Kwa hiyo hii ndiyo dawa yangu. Na mimi nilikuwa nawaosha watu kwa maji."

"Nisikilize kwanza, wifi..."

"Ulisimama nyuma yangu ukaniambia bomba. Bomba! Na mimi nikamwita fundi aje aliangalie."

Akabeba dumu lake akarudi. Karani alikuwa bado amekaa wima kama sanamu, ameogopa hata kujikuna. Mama Rola akamimina taratibu, rola moja baada ya nyingine, akangoja, akasuuza, akafungua. Mawimbi yakaruka kama springi. Karani akatikisa kichwa kushoto, akatikisa kulia, akapiga kelele.

"Haya ndiyo yangu! Na wifi yako aliniambia mkono wako umechoka, eti wakifungua nihamie kule kwao. Nikajua mmekubaliana, si biashara ya familia?"

Mama Rola akamfuta shingo, akamvua taulo. "Nenda salama, mama. Ukija tena, kaa kiti changu."

Karani alipotoka, wifi alikuwa mlangoni, anachezea kucha.

"Kaka alisema atakuambia mwenyewe."

"Lini?"

"Ukishazoea."

"Nizoee nini?"

Ndiyo kusema walikaa, kaka na dada, pengine kwenye meza ile ile anayopakulia chakula, wakapanga azoee kukimbiwa kidogo kidogo, mpaka siku akiambiwa awe hana tena cha kupigania. Watu wa kwake mwenyewe wamemzunguka, na mmoja wao ndiye aliyekuwa anamfariji.

Simu ya Mama Rola ikaanza kuita mezani. Baba watoto. Akaitazama inavyotetemeka, kisha akamsogezea wifi.

"Pokea wewe. Maongezi yenu mlianza bila mimi."

Wifi hakupokea. Mama Rola akalikaza dumu kifuniko, akalisukuma ndani ya kabati, akazungusha ufunguo ambao tangu saluni ifunguliwe ulikuwa umekaa tu pale kwenye tundu, haujawahi kuhitajika. Akauchomoa, akautia mfukoni mwa aproni, akaanza kuosha rola.

"Kitana changu kikubwa ukiache," akasema bila kugeuka. "Vingine chukua, uende navyo."