Blanketi la Wakwe, Mwezi wa Saba

Jumamosi, tarehe 10 Julai 2004. Mawingu tangu asubuhi, baridi ya kukata masikio, na manyunyu ambayo hayakulowesha hata vumbi la barabara. Hayo niliambiwa na mke wangu, kwa sababu kwa mambo ya baridi na joto siwezi kuuamini mwili wangu. Nilikuwa nimezoea kumuuliza, "Leo ni baridi ama ni mimi?" Naye hujibu bila kuinua macho, "Ni baridi," ama, "Ni wewe."

Niliacha shule darasa la saba, kwa hivyo mambo ya madaktari nayaeleza vile niliyaelewa. Miaka ya tisini nilikuwa mtu wa josho kule upande wa Bisil, kazi yangu kuswaga ng'ombe wapite ndani ya dawa ya kupe. Kupe walitoka kwa ng'ombe wakapanda kwangu, na hatukuona hilo kuwa jambo. Halafu mwaka mmoja nikatokwa na duara jekundu kiunoni, ikafuata homa, ikafuata maumivu ya viungo. Homa ilienda. Kilichobaki ni hiki cha joto na baridi. Januari, mabati ya nyumba yetu hapa Kitengela yakilia kwa jua, mimi niko na sweta mbili na meno yanagongana. Julai, majirani wakiota moto, mimi nimetia miguu kwenye karai la maji. Na inageuka bila kubisha hodi.

Daktari mmoja Nairobi alisema ni ugonjwa wa kupe unaoitwa Lyme, umekaa ndani muda mrefu. Mwingine akasema huo hajauona huku kwetu, labda ni ugonjwa mwingine wa kupe, labda ni mishipa ya fahamu. Wote wawili walinisikiliza vizuri, na siwezi kusema nani alikosea. Kilichoniumiza zaidi ni kipimajoto. Naungua, nakitia kwapani, nacho kinasema niko kama watu wengine. Mke wangu amekisoma mara nyingi na hajawahi kusema nadanganya. Lakini alihamia chumba cha wasichana, maana godoro letu lilikuwa linaloa kwa jasho. Haki ilikuwa yake. Anaamka alfajiri kwenda kufundisha nasari. Majirani wa ploti nao walikuwa na maneno yao. Miaka ile, mtu akikonda na kutoka jasho, ugonjwa ulikuwa na jina moja tu. Nilipimwa, sikuwa nao. Hakuna aliyeniuliza, kwa hivyo hakuna niliyemwambia.

Jumamosi hiyo wakwe walikuwa wanakuja. Kifungua mimba wangu, msichana, alikuwa anauza dawa kwa duka moja Kajiado mjini, na huko akapata kijana Mmaasai, mwalimu, kwao Bisil. Ijumaa jioni alinijia nikiwa nimeketi kwenye sakafu ya simiti bila shati.

"Baba, kesho tafadhali usitoke nje. Wakiona umetoka watasema umekataa."

"Nitakaa."

"Hata ikikuanza?"

"Hata ikinianza."

Alinitazama mgongoni, akaniletea taulo, akaenda.

Walifika adhuhuri, wazee wa kwao na shangazi wa kijana, mama wa shanga nyingi na sauti ya kuita ng'ombe. Upande wetu msemaji alikuwa kaka yangu, aliyesafiri usiku kucha kutoka magharibi. Baba wa msichana haongei siku hiyo. Kazi yake ni kuketi aonekane. Hilo nililipenda, kwa sababu nikiongea huwa nakosea.

Mlango ulifungwa kwa ajili ya baridi. Chai ikanywewa, salamu zikaenda mbali mpaka kwa hali ya malisho. Kisha mzee wao mkubwa akasimama, akafungua blanketi zito la sufu, jekundu na jeusi, akanifunika mabegani mpaka shingoni.

"Sasa wewe ni wetu," akasema. "Hatutaki baridi ikupige."

Kaka yangu alikuwa ameshaninong'oneza mapema: walivyoelewana yeye na wazee hao, blanketi hilo halivuliwi mpaka wageni waondoke. Ukilivua, umelirudisha.

Nilikaa nalo. Mwanzoni lilikuwa zuri kabisa. Halafu ikaanza tumboni, kama mtu amenimwagia uji wa moto ndani, ikapanda kifuani, ikafika masikioni. Niliwaona watu wakipumua mvuke kwa baridi, na mimi jasho linaniingia machoni. Msichana wangu alikuja na birika, akaniangalia. Alijua. Alitikisa kichwa kidogo sana, kusema vumilia, baba. Nikavumilia. Ukuta ukaanza kwenda mbali, sauti ya kaka yangu ikawa kama ya redio ya jirani. Nikafikiri, nikianguka itakuwa vibaya zaidi. Sijui kama nilifikiri hivyo kweli ama nimejiambia baadaye. Ninachojua ni kwamba nililivua. Nililikunja vizuri, nikaliweka magotini.

Wazee wote wakaligeukia blanketi.

"Mzee," yule mkubwa akauliza polepole, "hii blanketi imekuuma?"

Kaka yangu akaruka haraka. "Hapana, wazee wangu! Kwetu magharibi, baba akifurahi sana hufungua kifua. Hiyo ni furaha tupu!"

"Furaha gani inatoa jasho hivyo?" mwingine akasema.

Mkubwa aliweka kikombe chini, akaokota fimbo yake. "Basi tumejibiwa."

Kwenye mlango wa jikoni niliona kanga ya mke wangu, na nyuma yake msichana ameshika mdomo. Nikaongea, mimi ambaye sikutakiwa kuongea.

"Wazee, ndugu yangu ananitetea, lakini desturi hiyo kwetu haiko. Blanketi ni zuri na nimelipokea. Ni mwili wangu hauna mwenyewe. Unawaka kukiwa baridi, unaganda kukiwa jua."

Shangazi hakuzungusha maneno. "Ni ule ugonjwa?"

"Si ule. Nilipimwa. Huu niliutoa kwa kupe, na wameniambia mtu hamwambukizi mtu. Nilikuwa nafanya kazi ya josho."

"Josho gani?"

"La huko Bisil, karibu na bwawa. Kabla ya mvua ya El Nino."

Aliinuka, akapitisha mkono chini ya shati langu mgongoni kama mtu anayenunua mbuzi. "Amelowa kama ndama aliyezaliwa saa hii!" Akawageukia wazee, akawatolea Kimaasai kirefu, halafu akarudi Kiswahili ili na sisi tusikie. "Hapo ndio ng'ombe zetu zilikuwa zinaoga. Kupe wetu wamenyonya damu ya huyu mzee. Sasa nyinyi mnatafuta undugu gani mwingine? Kupe walikuja kuposa kabla yenu!"

"Na hawakuleta hata sukari," mkubwa akasema, akaketi.

Nyumba ikapasuka kwa kicheko. Hata kaka yangu alicheka mpaka akakohoa. Nami nilicheka, nimechelewa kidogo.

"Wekeni mzee kwa mlango apate hewa," shangazi akaamuru. "Blanketi yake itamngoja kwa kiti kingine huku ndani."

Kwa hivyo kiti changu kilipelekwa mlangoni, mlango ukaachwa wazi upande, na wengine wakasogea ndani wakafunga duara, kwa sababu upepo ulikuwa mbaya. Siwalaumu, hata mimi ningesogea. Niliona migongo yao. Kutoka hapo nilisikia msichana wangu akiombwa na kukubaliwa. Na kabla hawajamaliza, mwili ukageuka, baridi ikanishika mifupani. Blanketi lilikuwa pale ng'ambo ya duara. Ningeliitishaje tena? Ningeonekana nawachezea. Nikakalia mikono yangu.

Walikula, na kwa watu kama hao kula ndio jibu. Wakati wa kuondoka, mkubwa alimtemea msichana mate kidogo kiganjani, baraka yao, na mimi akanishika mkono. Aliushtukia ubaridi wake, lakini akaendelea kuushika. Nilimshukuru kwa hilo.

Baadaye nilimkuta msichana akiosha vikombe.

"Wamekubali, baba."

"Nimesikia."

"Lakini sasa Bisil yote itajua. Kila nikipita wataniita binti wa kupe."

"Ningefanya nini, mama?"

"Sijui." Alisugua kikombe ambacho kilikuwa kimeshatakata. "Ungeniacha mimi niwaambie, siku yangu, na maneno yangu."

Nimelipima hilo miaka yote hii. Nikisema ningengoja, naona mzee ameshika fimbo. Nikisema nilifanya vizuri, namwona yeye na kile kikombe. Uwongo wa kaka yangu labda ungewatosha, na labda msichana angeolewa kwa uwongo huo.

Jioni hakuna aliyekuwa na nguvu ya kupika. Wao walikula wali uliobaki na mchuzi wa mbuzi sebuleni, kaka yangu akiwaigizia shangazi. Mimi nyama ilinishinda. Mke wangu aliniwekea viazi vitamu na chai ya rangi, nikala jikoni, karibu na makaa, maana baridi ilikuwa bado haijaniachia.