Njoo na Chombo Chako

Dukani kwa Mama Pua huuziwi kifungashio. Mafuta ya kupikia yamo kwenye pipa lenye bomba, sabuni ya maji kwenye pipa la pili, na rafu ni mbao za makreti yaliyotupwa, kazi ya kaka yake seremala. Mlangoni ameandika: Njoo na chombo chako. Alianza mwaka ule mtaro ulipozibwa na chupa na vifuko vya plastiki, maji machafu yakamfuata mpaka uvunguni. Aliapa kuwa taka za duka lake hazitaonekana tena mtaroni.

Kila chombo lazima akinuse kabla ya kukijaza. Hufungua kifuniko, akazamisha pua, akafumba macho kama anayesali. Jina wateja walimpa hapo, naye hakununa. Kinga ni bora kuliko tiba, alikuwa akiwajibu.

Siku hiyo mafua yalimshika vibaya, pua imeziba hata kitunguu hakisikii. Angefunga duka, lakini aliona haya: mtu mzima ashindwe na kamasi? Basi akawa ananusa vilevile, kwa mazoea tu, na kujaza. Wifi yake, mke wa huyo kaka, alileta dumu la njano, akaondoka nalo limejaa mafuta.

Haukupita muda, kaka mtu akachungulia dirishani, nywele zote vumbi la mbao.

"Dada, hujaona dumu langu la njano? Lile la dawa ya mchwa. Dawa iliisha, nikalianika uani."

Moyo ulimlipuka paa! Alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni, na njia nzima alikuwa akijilaani kwa sauti. Watu walimpisha wakidhani amefiwa. Yeye mwenyewe aliogopa hivyohivyo.

Jikoni kwa wifi moshi wa vitunguu ulikuwa umetanda. Watoto wawili walikuwa wameketi, mayai ya kukaanga mbele yao, na mdogo ameshainua kijiko. Mama Pua aliipiga sahani ikaruka hadi ukutani. Mtoto akaangua kilio.

"Wifi! Una wazimu?"

"Wamekula? Niambie, wamekula?"

"Wamekula saa ngapi? Ndiyo kwanza nimepakua!"

Hakuamini. Alimpanua mdogo kinywa kwa vidole, kisha mkubwa, akakuta hamna kitu. Hapo akakaa chini sakafuni. Akalisogeza lile dumu.

"Nusa."

Wifi alinusa. Uso ukamsawijika. Aliwavuta watoto wote wawili akawabana kifuani, wakalalamika kwamba wanaumia, naye hakuwaachia.

"Nililikuta uani, nikajua ni la mafuta," alisema kwa sauti ndogo. "Sikulinusa, wifi. Ninuse ya nini? Nilikuona ukinusa."